Sura ya Sita: Oili Inayozidi Usiku

Kijana alifika bandani kwangu Makambako saa moja asubuhi, mwezi wa Juni, baridi ya kukata vidole. Pikipiki alikuwa anaisukuma. Hakujaribu kuiwasha asubuhi ile, na baadaye nilimshukuru kwa hilo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Imegoma kuwaka?"

"Inawaka, mzee. Ila inazidisha oili."

Alilisema polepole, kama mtu aliyekwisha kulisema mahali pengi na kila mahali akachekwa. Kijiweni wenzake walimwambia ana bahati, wao wananunua oili na yake inazaa yenyewe. Fundi wa kwanza alimwambia ringi zimekwisha, akafungua silinda, akaweka ringi mpya. Oili ikaendelea kuzidi. Fundi wa pili akasema silinda imelika, ichongwe na pistoni ibadilishwe. Hapo fedha zilikuwa zimekata, na tajiri mwenye chombo alikuwa amempa mpaka mwisho wa mwezi alipe hesabu za wiki tatu au arudishe funguo.

Tuliisimamisha wima, nikachomoa kijiti cha kupimia, nikakifuta, nikakirudisha, nikakichomoa tena. Oili ilikuwa imeipita alama ya juu kwa upana wa kidole. Nikachukua tone, nikalisugua kati ya kidole gumba na cha shahada. Oili yenye afya, hata ikiwa imechakaa na kuwa nyeusi tii, ina unene. Ukitenganisha vidole inavutika kidogo kabla ya kukatika. Hii haikuvutika. Ilikuwa nyepesi kama chai ya rangi, na nilipoipeleka puani ilinuka kituo cha mafuta.

Mafundi wale wawili hawakuwa wavivu wala wezi. Walishika spana kabla ya kupima, na ugonjwa huu ukiuendea kwa spana utakupeleka kwenye silinda kila mara, maana dalili zake zinafanana mno na za silinda iliyochoka: moshi, kukosa nguvu, kelele za valvu, oili iliyotapikwa kwenye kikasha cha hewa. Nalijua hilo kwa sababu nami nimelifanya. Miaka mingi nyuma nilishusha injini ya mwalimu mmoja wa shule ya msingi, nikabadilisha ringi, nikapokea fedha zake, na wiki mbili baadaye akarudi oili ikiwa imejaa mpaka shingoni. Tatizo lilikuwa uchafu mdogo kuliko punje ya ulezi. Fedha nilimrudishia kidogo kidogo. Siku alizokwenda kazini kwa miguu sikuwa na namna ya kuzirudisha.

Injini inaweza kuila oili, kuichoma au kuivujisha, lakini haina mahali pa kuitengenezea. Ikizidi, kuna kitu kimeingia, na kwa pikipiki zetu hizi zinazopozwa kwa upepo kitu chenyewe ni maji au petroli, ukiacha mtu kujaza kupita kiasi au kupima vibaya. Hilo la kupima vibaya liondoe kwanza. Pikipiki iliyoegemea stendi ya pembeni hudanganya, kwa kuwa oili hukimbilia upande mmoja. Isimamishe wima mahali tambarare, injini ikiwa imezimwa dakika kadhaa, na ujue kama kijiti cha chombo chako hupimwa kikiwa kimekazwa au kimekalishwa tu juu ya uzi wake. Tofauti ya hapo peke yake inatosha kukuonyesha ongezeko ambalo halipo.

Maji hujitangaza. Oili iliyoingiwa na maji hupauka na kuwa kama chai ya maziwa iliyopoa, na ukifungua nati ya chini baada ya chombo kulala usiku mzima, maji mara nyingi hutangulia kutoka kwa kuwa ni mazito kuliko oili. Petroli haifanyi hivyo. Huchanganyika na oili kabisa, rangi ikabaki nyeusi ile ile, na macho peke yake hayakuambii kitu. Kidole na pua vina kazi kubwa hapa.

Kama pua yako imeshazoea petroli kiasi cha kutoisikia, na mafundi wengi tuko hivyo, tumia karatasi. Dondosha tone la oili ya injini juu ya karatasi nene nyeupe, na pembeni yake tone la oili mpya ya aina ile ile. Ilaze karatasi mahali pa kivuli kwa saa moja hivi. Oili safi hutulia ikawa duara moja. Iliyochanganyika na petroli hutanuka upesi, na nje ya duara jeusi hutokea utepe mwepesi wa unyevu unaofifia kadiri petroli inavyopaa. Wapo watakaokushauri uiwashe karatasi kwa kiberiti uone kama itashika moto. Usifanye hivyo kabisa. Petroli hutoa mvuke wa kuwaka hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, na fundi anayeinamia sampu ya aina hii, yaani kikasha cha oili chini ya injini, tayari ameinamia mvuke huo.

Sasa petroli imefikaje huko chini? Pikipiki hizi za kabureta hazina pampu ya mafuta. Tanki liko juu, injini iko chini, na kati yake kuna milango miwili. Wa kwanza ni koki iliyo chini ya tanki, inayofungwa kwa mkono. Wa pili umo ndani ya kabureta, nao hujifunga wenyewe: boya linaelea kwenye kikombe, petroli ikipanda boya linapanda nalo, na ulimi wake unaisukuma sindano ndogo iingie kwenye tundu na kuzuia mtiririko. Ni kazi ile ile ya boya la tangi la choo. Mjerumani Wilhelm Maybach alikuwa na kabureta ya kunyunyizia yenye boya mwaka 1893, na tangu hapo wazo lenyewe halijabadilika sana.

Ncha ya sindano hiyo mara nyingi ni ya mpira, na ukubwa wake ni kama kichwa cha njiti ya kiberiti. Chembe ya kutu ya tanki ikikaa chini yake, au mpira ukachimbika duara kwa kugonga tundu miaka na miaka, au boya likatoboka na kuzama, petroli haikomi kuingia. Kabureta nyingi zimewekewa njia ya dharura: inayozidi huingia kwenye kibomba kilichosimama ndani ya kikombe na kushuka ardhini kwa mpira mwembamba unaoning'inia chini ya injini. Ukikuta doa chini ya mpira huo asubuhi, chombo kimekueleza ugonjwa wake mapema, kabla haujafika kwenye oili.

Niliinama nikautafuta mpira ule kwenye pikipiki ya kijana. Ulikuwepo, na mdomoni mwake kulikuwa na skrubu.

"Nani ameweka hii?"

"Mimi, mzee. Mafuta yalikuwa yanadondoka, abiria wanalalamikia harufu. Na bei ya mafuta unaijua."

Nilimwelewa. Mtu anayeishi kwa kuhesabu shilingi mia mia hawezi kutazama petroli ikinywewa na udongo akanyamaza. Lakini kuziba njia ya kutokea hakukuzuia petroli kuingia. Ilipanda ndani ya kikombe mpaka ikafika koo la kabureta, na pale ilifuata mteremko. Kabureta ikiinamia nyuma, petroli huishia kwenye kikasha cha hewa na kulowesha chujio. Ikiinamia injini, huenda kwenye mlango wa silinda, na kama valvu ya kuingizia iko wazi, inamwagikia juu ya pistoni. Ringi zimetengenezwa kubana gesi kwa sehemu ndogo ya sekunde wakati pistoni inakimbia. Hazikutengenezwa kuzuia kimiminika usiku kucha, na kila ringi ina pengo lake. Petroli inashuka ukutani mwa silinda, inaosha oili iliyokuwa pale, inaingia kwenye sampu.

Angalia nilivyosema: kama valvu iko wazi. Injini ikizimwa, pistoni husimama popote inapojisikia. Leo imesimama valvu ikiwa wazi, oili inazidi. Kesho imesimama valvu ikiwa imefunga, petroli inajaa nyuma ya valvu au inarudi kwenye chujio, na oili asubuhi haijapanda. Ugonjwa unaoonekana Jumatatu na kupotea Jumanne humchosha dereva na humtia fundi hasira, na hapo ndipo silinda inapofunguliwa bure.

Halafu kuna suala la kiasi. Chukua tone moja kila sekunde tano, mtiririko ambao ukiutazama utadhani si kitu. Toka saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi ni sekunde 36,000, yaani matone 7,200. Ukihesabu matone 20 kwa mililita, unapata mililita 360, ujazo wa chupa ya soda. Pikipiki nyingi za sisi 100 hadi 150 hubeba oili lita moja na kitu. Hata nusu tu ya petroli hiyo ikifika kwenye sampu, usiku mmoja unatosha kuifanya karibu sehemu moja kwa saba ya kilichomo iwe petroli. Na oili hiyo hiyo ndiyo inayolainisha krenki, pistoni, gia na klachi. Ile 20W-50 uliyoilipia haipo tena.

Mchana joto huficha ushahidi. Injini ikichemka, sehemu nyepesi ya petroli hupaa, ikatoka kwa bomba la kupumulia kwenda kwenye kikasha cha hewa, na huko ikavutwa na kuchomwa. Dereva akitoka safari ndefu ya Njombe akapima, kipimo kimeshuka, anadhani amepona. Sehemu nzito imebaki. Kama petroli ilichakachuliwa kwa mafuta ya taa, mambo ni mabaya zaidi, kwa sababu mafuta ya taa hayapai kirahisi. Yatakaa kwenye oili mpaka utakapoimwaga. Uchakachuaji huo uliwahi kutusumbua Tanzania mpaka EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ikaanzisha utaratibu wa vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010. Kwa hiyo pima asubuhi, chombo kikiwa baridi, kabla ya kupiga kiki ya kwanza.

Na kama umekuta oili imezidi, usiipige hiyo kiki. Ndicho nilichomshukuru kijana. Gesi hubanwa, kimiminika hakibanwi. Injini ya sisi 150 inayobana mara tisa na nusu huwa na nafasi ya mililita 17 au 18 tu juu ya pistoni inapofika kileleni. Ni vijiko vitatu na nusu vya chai. Petroli ikijaa hapo valvu zikiwa zimefunga, pistoni inagonga ukuta. Ukitumia mguu, kiki itagoma katikati na pengine utaumia kifundo. Ukitumia stata ya umeme, konrodi inaweza kupinda, na hapo ndipo injini itashushwa kweli. Funga koki, toa plagi, weka waya wa plagi mbali na tundu, swichi ikiwa imezimwa, kisha sukuma kiki taratibu kwa mkono. Kama kuna petroli itaruka kwenye tundu la plagi. Sigara, jiko na mashine ya kuchomelea vyote viwe mbali.

Kwa kijana yule plagi ilitoka imelowa na kijiko kimoja hivi kikaruka. Tulimwaga oili yote, tukaosha chujio la hewa, tukaweka oili ya bei nafuu kwa kazi ya kupima. Kisha nikamuuliza kama huwa anafunga koki akilala.

"Koki ipi, mzee?"

Nikamwonyesha.

"Hiyo si ya riziva?"

Alikuwa ameendesha miaka minne akijua kwamba kile kidude hugeuzwa mafuta yakikata njiani, basi. Hakuna aliyemwambia kwamba kina upande wa kufunga. Nimewauliza madereva wengi tangu siku ile na wengi wananijibu kama yeye. Tumeuacha mlango wa kwanza wazi maisha yote, na kazi nzima ya kuzuia lita kumi za petroli tumeiachia ncha ya mpira ya ukubwa wa kichwa cha kiberiti. Hili linaniuma kuliko kutu na kuliko mafuta machafu, maana dawa yake haina gharama yoyote.

Koki yenyewe tuliipima kwanza. Nilichomoa mpira wa mafuta kwenye kabureta, nikautumbukiza kwenye chupa ya maji tupu, koki ikiwa imefungwa, nikauacha nusu saa. Haikudondosha. Ingedondosha, ningejua milango yote miwili ni mibovu. Halafu nikampa kazi ya usiku: usiku wa kwanza alale koki imefungwa, asubuhi apime, usiku wa pili alale imefunguliwa, asubuhi apime, na asipige kiki mpaka nimeona. Mchana afanye kazi zake, na kila akisimama kijiweni afunge.

Asubuhi ya kwanza oili ilikuwa kwenye mstari wake. Asubuhi ya pili ilikuwa imepanda na inanuka. Ilitosha. Isingepanda nisingeridhika na usiku mmoja, kwa sababu ya ile habari ya valvu. Ningemwambia arudie mara mbili tatu. Lakini ilipanda, na ilipanda kwa koki tu. Silinda, pistoni na ringi zake mpya hazikuwa na kosa.

Ndipo nikaigusa kabureta. Kabla ya kuitoa nilichomeka mpira mweupe unaoonyesha ndani kwenye tundu la kumwagia la kikombe, nikaupandisha ubavuni mwa kabureta, nikalegeza skrubu ya chini na kufungua koki. Petroli ndani ya mpira husimama usawa ule ule iliosimama ndani ya kikombe, kwa hiyo unaona kisichoonekana. Yetu ilipanda, ikapita ukingo wa kikombe, ikaendelea kupanda. Nikafunga koki. Kabureta ilipotoka niliipindua juu chini ili uzito wa boya ukalishe sindano, nikapuliza kwenye njia ya mafuta kwa kipande cha mpira safi. Hewa haikutakiwa kupita. Ilipita.

Boya nililitikisa sikioni. Halikuwa na kimiminika ndani. Sindano niliipeleka kwenye mwanga wa mlangoni, na kijana akaja kuangalia. Kwenye koni ya mpira mweusi kulikuwa na mfereji mwembamba kuizunguka pande zote, na ndani ya mfereji chembe moja nyekundu ya kutu imejipachika. Aliitazama muda mrefu. "Hiki ndicho kilichokula hela zangu za ringi?" Nikamwambia ndicho.

Kutu ilitoka tankini, nayo ilipita kwa sababu chujio la wavu la juu ya koki halikuwepo. Mtu aliliondoa siku za nyuma lilipoziba. Tuliosha tanki, tukaweka wavu mpya na kichujio kidogo cha njiani, sindano mpya, tundu lake tukalisugua kwa pamba mpaka likang'aa. Skrubu tuliitoa mdomoni mwa mpira, na sasa ukidondosha tena ataliona doa. Oili ile ya kupimia tuliipasha moto kwa mwendo mfupi tukaimwaga, kwa kuwa petroli hubakia kwenye pembe za injini na kwenye sahani za klachi. Ndipo tukaweka oili nzuri.

Si kila petroli kwenye oili hutokea hapo. Huku kwetu nyanda za juu watu huvuta choki asubuhi na kuisahau mpaka saa nne. Mchanganyiko mzito huo huosha silinda na kuteremka polepole. Cheche dhaifu hufanya vivyo hivyo, petroli inaingia na haichomwi yote. Katika hali hizo mbili oili huzidi kwa kuendesha, si kwa kulala, na kipimo cha usiku hutenganisha. Kuna pikipiki ambazo koki yake hufunguka kwa mvuto wa injini yenyewe. Utando wa ndani ukichanika, petroli hupita kwenye mpira wa mvuto moja kwa moja hadi kwenye njia ya silinda bila kugusa sindano. Chomoa mpira ule mwembamba: ukiwa na unyevu wa petroli umepata jibu. Zenye sindano za umeme badala ya kabureta hupata tatizo hili mara chache zaidi, kwa kuwa pampu hulala pamoja na swichi.

Kabla hajaondoka nilimuuliza chombo kinalala wapi.

"Ndani, mzee. Nikikiacha nje sikikuti."

Ndani ni chumba kimoja. Mke, mtoto wa mwaka mmoja, na jiko la mkaa linaloingizwa jioni kwa ajili ya baridi. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, mara tatu au nne. Haupandi ukatoka dirishani. Hutambaa sakafuni, ukafuata usawa ambao jiko limewekwa na mtoto amelazwa. Wiki zote zile ambazo oili ilikuwa ikizidi, petroli ilikuwa ikipumua ndani ya chumba kile. Na mkaa wenyewe, hata pasipo petroli, huua watu kwa hewa yake katika chumba kilichofungwa. Nilimweleza yote mawili bila kupunguza kitu, na niliona uso wake ukibadilika kuliko ulivyobadilika kwa habari ya fedha.

Usiku ule alinipigia simu saa tatu. "Mzee, nimefunga koki."

"Jiko liko wapi?"

"Liko nje. Tumejifunika mablanketi mawili."